Ukingo wa mto tuwaachie wachezaji

Watu wa Bukavu, mji wetu wa mashariki ya Kongo, wananiuliza sana swali hili: nikiuza kiwanja changu huku mlimani nikajenga Kamanyola au Luvungi, kwenye uwanda wa Ruzizi, nitaishi vizuri? Kazi yangu ni jiografia ya maji na hali ya hewa, kwa hiyo kabla ya kujibu nauliza: umeangalia mlima ulio nyuma ya kiwanja hicho?

Kwamba watu wanatamani kushuka, nawaelewa. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Mto Ruzizi unatoka Ziwa Kivu, kwenye mita 1,460 hivi, na kumwaga maji Ziwa Tanganyika, kwenye mita 770 hivi, baada ya safari ya kilometa zipatazo 117. Ukishuka mteremko wa Ngomo kwa barabara ya taifa namba 5, koti linavuliwa lenyewe. Kwa wastani hewa huongezeka joto nyuzi 6 na nusu kila unaposhuka mita 1,000, ndiyo maana Kamanyola inatuzidi kwa nyuzi tatu hivi, na miji ya Sange na Kiliba, iliyo chini zaidi, inatuzidi zaidi. Wazee wenye maumivu ya viungo wanaipenda sana hewa hiyo. Mpunga unaipenda pia.

Lakini kinachonivutia mimi kule ni ardhi tambarare. Mtoto wa Kadutu, sehemu ya Bukavu, anacheza mpira kwenye mteremko, na mpira ukimponyoka anaukimbilia hadi avenyu ya chini. Kule uwandani watoto wanapata kiwanja kizima, wanaendesha baiskeli bila kuisukuma, na mama aliyemaliza soko anatembea jioni chini ya miembe bila kupanda ngazi hata moja. Hayo ni maisha bora, na wataalamu wa mipango ya miji wanayapima kwa uchache mno.

Sasa turudi kwenye mlima. Upande wa magharibi wa uwanda kuna ukuta wa milima. Ukielekea milima ya Itombwe vilele vinapita mita 3,000. Mchana jua linapasha miteremko, hewa inapanda, mawingu yanajikusanya juu, na mvua kubwa inashuka huko alasiri wakati uwandani bado jua linawaka. Mito inayotoka huko, kama Luberizi na Sange, ni mifupi na imesimama wima. Maji ya mvua usiyoiona yanaweza kukufikia katika muda wa saa moja au mbili, yakiwa mekundu kwa udongo, chini ya anga jeupe. Hilo ndilo jambo ninalorudia kila ninapokwenda: huku chini usiangalie wingu lililo juu ya kichwa chako. Angalia lililo juu ya mlima.

Mto wa namna hiyo ukitoka mlimani unakuta tambarare ghafla, unapoteza nguvu, unatupa mzigo wake. Mawe makubwa yanabaki karibu na mdomo wa bonde, changarawe inafuata, kisha mchanga, kisha tope laini. Baada ya miaka mingi mzigo huo unakuwa kilima kipana, chenye rutuba na maji ya kisima yasiyo mbali. Watu wamejenga juu yake tangu zamani, na walikuwa na sababu nzuri. Ila mto uliojenga kilima hicho ulikijenga kwa kuhamahama, leo kushoto, kesho kulia. Ukikuta katikati ya shamba jiwe ambalo wanaume wanne hawawezi kulisogeza, na mto uko mita mia mbili mbali, jua kwamba siku moja mto ulipita hapo na kulibeba. Mimi huwaambia wanunuzi wachimbe shimo la kufika kiunoni. Wakikuta tabaka la tope, kisha changarawe, kisha tope tena, wasijenge hapo nyumba ya kulala.

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika mjini Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, na kubomoa nyumba nyingi. Mei 2023 ilikuwa Kalehe, kando ya Ziwa Kivu: Bushushu na Nyamukubi zilifunikwa na maji, mawe na matope, na waliokufa walizidi 400. Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Sehemu ya mzigo ule inatokana na sisi wa mjini, kwa sababu magunia ya makala (mkaa) tunayopikia yanatoka kwenye miteremko hiyohiyo, na mteremko usio na mizizi haushiki maji.

Ndiyo maana nasema ukingo wa mto uwe uwanja wa mpira. Simaanishi kwamba mchezo ni jambo dogo linaloweza kutupwa popote. Uwanja ukifurika Aprili, Juni vijana wanaondoa mawe na kuweka magoli upya; nyumba ikifurika usiku, hakuna cha kuweka upya. Kijiji kinapata mahali pa kupumzikia, mto unapata mahali pa kujinyosha. Watakaonipinga watasema ardhi haitoshi, na mwenye familia ya watu wanane hawezi kumpisha mto. Nalisikia hilo, na halina jibu rahisi. Anayehamishwa apewe kiwanja cha juu chenye hati. Vinginevyo atarudi palepale, na atakuwa na haki.

Kuhusu kuogelea, nitakuwa mkali. Ruzizi yenyewe si ya kuogelea: ina mamba na viboko kwenye sehemu za chini, na kule juu kuna mabwawa ya umeme, la kwanza la mwishoni mwa miaka ya 1950, la pili la 1989, na maji yanaweza kupanda bila mvua yoyote. Mifereji ya mpunga inaonekana salama zaidi, imetulia na ina vuguvugu, lakini konokono wa kichocho wanapenda maji ya namna hiyo, na vijidudu hutoka kwa wingi kwenye jua la mchana, saa zilezile watoto wanapoingia majini. Mtoto aoge kwa maji ya bomba au yaliyolala kwenye pipa siku mbili.

Kwa mechi za msimu wa mvua, kuanzia Septemba hadi Mei, ningezipanga asubuhi, kabla milima haijakusanya mawingu. Upande wa mto ipandwe mianzi na matete, miembe iwe upande wa kijiji ili watazamaji wakae palipo juu kidogo. Na kila timu iwe na mtu mmoja mwenye simu kwenye kijiji cha mlimani. Mvua ikianza huko, anampigia refa, na refa anapuliza kipenga hata kama goli linakaribia kuingia.