Mwongozo wa gereji husomwa kabla ya kushika spana

Ninapoletewa gari la dizeli ambalo injini yake imekwisha kufunguliwa na fundi mwingine, jambo la kwanza ninalouliza ni kama alifuata mwongozo wa gereji, yaani kitabu cha mtengenezaji chenye hatua na vipimo vya kutengeneza injini, na mwongozo huo ulikuwa wa injini ipi hasa. Magari mengi tunayotengeneza hapa Kampala yaliingia nchini yakiwa yametumika Japani, ilhali miongozo ambayo mafundi hutumiana kwa simu mara nyingi iliandikiwa magari ya Ulaya au Australia. Injini ya Toyota 1KD-FTV, yenye silinda nne na ujazo wa lita 3.0, imo katika Hiace, Hilux na Prado, lakini nozeli zake (vifaa vinavyopuliza mafuta ndani ya silinda) na vifaa vya kusafishia moshi hutofautiana kwa mwaka na kwa soko, kwa hiyo ni lazima namba ya fremu na tarehe ya kutengenezwa vilinganishwe na mwongozo kwanza.

Sehemu inayopuuzwa zaidi ni ile ya uchunguzi. Mashine ya kusoma hitilafu ikionyesha msimbo P0087, yaani presha ya mafuta iko chini kwenye reli (bomba la pamoja linalogawa mafuta kwa nozeli zote), mwenye gari hutumwa soko la vipuri la Kisekka kununua pampu iliyotumika. Msimbo huo haukuhukumu pampu. Chanzo chaweza kuwa filta iliyoziba, hewa inayoingia kwenye mpira wa kunyonya mafuta, valvu inayodhibiti mafuta yanayoingia kwenye pampu, au nozeli inayovuja kwa ndani. Hilo la mwisho hupimwa kwa kuunganisha mpira unaoonyesha ndani kwenye njia ya marejeo ya kila nozeli, yaani panaporudi mafuta yaliyobaki, na kuuelekeza kwenye chupa yake: chupa inayojaa upesi kuliko nyingine ndiyo inayoonyesha mahali presha inapopotelea. Kipimo hicho ni cha bei ndogo sana ukikilinganisha na pampu, na ninasikitika kila ninapoona mteja amelipia pampu ambayo hakuihitaji.

Kwenye injini za zamani, kama Toyota 2L, tulizoea kulegeza nati ya bomba la nozeli injini ikiwa inanguruma ili kutafuta silinda iliyokufa. Kwenye mfumo wa reli usithubutu kufanya hivyo, kwa sababu presha yake hupita bar 1,000 na mafuta yanayochomoka hupenya ngozi, jeraha ambalo kwa nje huonekana dogo lakini linahitaji upasuaji wa haraka.

Katika kukaza bolti, soma kizio cha mkazo pamoja na namba. Miongozo ya Kijapani huandika Nm 30 na kando yake kgf·cm 306, ambao ni mkazo uleule kwa vizio viwili, na kijana mwenye haraka huweza kuchukua safu isiyo yake. Bolti za hedi (kifuniko cha juu cha silinda) hukazwa kwa mpangilio ulioonyeshwa, kuanzia katikati kwenda pembeni, kwanza kwa mkazo wa namba na kisha kwa kuizungusha kila bolti nyuzi zilizotajwa, mara nyingi 90, kwa kuwa msuguano wa meno ya bolti huidanganya spana ya kupimia mkazo. Bolti iliyokazwa hivyo huwa imevutwa, na ndiyo maana mwongozo hutaja kipimo ambacho bolti ikikipita haitumiwi tena.

Nozeli mpya ya 1KD huandikishwa kwenye kompyuta ya injini kwa msimbo uliochapwa juu yake, na washa yake, yaani pete bapa ya shaba inayoziba pale nozeli inapokaa, haitumiwi mara mbili. Washa hiyo ikivuja, masizi huingia kwenye oili na kuziba chujio lililo ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), na injini huweza kukosa oili ikiwa barabarani. Ukikuta masizi meusi magumu kuzunguka nozeli, fungua sampu siku hiyohiyo.