Je, Wajua Kwa Nini Marehemu Huchomewa Pesa Nchini Taiwan?

Mwezi wa saba wa kalenda ya Wachina, ambao kwetu huangukia kati ya Agosti na Septemba, mitaa ya Taiwan hujaa moshi. Mbele ya maduka, ofisi na karakana hutandikwa meza za vyakula: kuku mzima, nyama ya nguruwe, wali, matunda, biskuti na soda, na juu ya vyakula hivyo huchomekwa vijiti vya ubani vinavyowaka. Pembeni huwekwa beseni la maji na taulo safi ili wageni wanawe kabla ya kula. Wageni wenyewe ni wafu. Muda wao wa kula ukipita, wenyeji husogea kwenye pipa la chuma lenye moto na kutumbukiza humo pesa za karatasi, bunda baada ya bunda.

Pesa hizo hazinunui chochote dukani. Ni karatasi za nyuzi za mianzi zilizobandikwa kipande cha foili. Zenye rangi ya dhahabu ni za miungu. Zenye rangi ya fedha ni za mababu na mizimu. Ukiuliza kwa nini zinachomwa, utajibiwa haraka kwamba marehemu wanahitaji matumizi huko waliko. Ni kweli, lakini hiyo ni nusu ya jibu. Nusu nyingine, ambayo kwangu ndiyo nzito zaidi, ni kwamba marehemu ana deni.

Yako mafundisho ya Utao, dini iliyozaliwa China, yanayosema hakuna mtu aliyezaliwa bure. Kabla ya kuja duniani, kila mmoja alikopeshwa fedha kutoka hazina ya ahera ili apate mwili na uhai. Kiasi cha mkopo kinategemea mwaka wa kuzaliwa, kwa ule mzunguko wa Wachina wa wanyama 12: aliyezaliwa mwaka wa ng'ombe hadaiwi sawa na aliyezaliwa mwaka wa sungura. Mtu anaweza kuanza kulipa angali hai. Akifa kabla ya kumaliza, watoto wake wanamlipia kwenye mazishi.

Malipo hayo ni tukio la kutazama. Mabunda hurundikwa mahali pa wazi, pamoja na hati yenye jina la marehemu, na moto ukishawashwa watoto na wajukuu husimama kuuzunguka, wakiwa wameshikana mikono au wameshika kamba moja, hadi rundo lote liteketee. Wanalinda. Inaaminika kwamba mizimu isiyo na ndugu huvizia mahali kama hapo ili ipore, na pesa ikichukuliwa njiani deni linabaki palepale. Katika baadhi ya sehemu za China mtu huchora duara chini kabla ya kuchoma pesa za babu yake, halafu hutupa karatasi chache nje ya duara, fungu la hao wasio na mwenyewe, ili wasiguse za ndani.

Sasa, dini ilianzaje kuzungumza lugha ya hazina, madeni na hati? Hapo inabidi turudi mwaka 142, kwenye milima ya Sichuan, kusini-magharibi mwa China, ambako mtu aitwaye Zhang Daoling alisema ametokewa na Laozi, mwanafalsafa wa kale wa China aliyefanywa mungu, na kukabidhiwa agano jipya. Jumuiya iliyomfuata iliamini kwamba ugonjwa hutokana na makosa, na kwamba makosa yanaungamwa kwa maandishi. Jina la mgonjwa na toba yake viliandikwa katika nakala tatu. Moja iliwekwa juu ya mlima iende kwa Afisa wa Mbingu, moja ikafukiwa ardhini kwa Afisa wa Ardhi, ya tatu ikazamishwa majini kwa Afisa wa Maji. China ya wakati huo ilikuwa dola ya makarani, mihuri na barua za maombi, na watu hawa waliona mbingu ikiongozwa vivyo hivyo. Kuhani wa Kitao mpaka leo ana cheo chake katika utawala huo wa mbinguni, ana muhuri, na anaandika barua rasmi zenye tarehe, jina na anwani ya mwombaji. Akimaliza kuisoma barua, anaichoma. Moto ndio tarishi wake.

Maafisa hao watatu bado wanaheshimiwa. Kila mmoja ana sikukuu yake: Mbingu tarehe 15 ya mwezi wa kwanza, Ardhi tarehe 15 ya mwezi wa saba, Maji tarehe 15 ya mwezi wa kumi. Afisa wa Ardhi ndiye mwenye mamlaka ya kusamehe makosa, na ndiyo maana sikukuu yake, iitwayo Zhongyuan, imekuwa sikukuu ya wafu. Wabudha nao wana ibada yao siku hiyohiyo, juu ya Mulian, mwanafunzi wa Buddha, aliyekwenda kumtoa mama yake kwenye mateso ya ahera, na kwa karne nyingi watu wa kawaida wamezifuata zote mbili bila kuona tatizo.

Hata kaburi lilihitaji hati. Wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta makaburini hati za kununua ardhi, zilizoandikwa juu ya mawe, matofali au vibao vya madini ya risasi, zikieleza kwamba marehemu amekinunua kiwanja chake kwa miungu wa mahali hapo. Bei iliyotajwa mara nyingi ni mafungu 99,999 ya sarafu. Ukiwa na hati hiyo, hakuna pepo wa kukuhamisha.

Kwenye mazishi ya Kitao ya kusini mwa Taiwan, hasa mji wa Tainan, kuna sehemu ambayo mimi naipenda kuliko zote: kutuma barua ya msamaha. Kuhani anaandaa amri ya kumwachilia marehemu, kisha anaikabidhi kwa mjumbe wa karatasi aliyepanda farasi wa karatasi. Ngoma na zumari zinapamba moto, na makuhani wanakimbia kuzunguka uwanja, wakipinda na kuruka, kuonyesha mbio za farasi huyo kuelekea ahera. Waombolezaji ambao dakika chache nyuma walikuwa wanalia hujikuta wakitazama mbio. Mwishowe mjumbe, farasi na barua vyote vinatiwa moto. Mholanzi Kristofer Schipper, aliyekwenda Tainan kama mtafiti katika miaka ya 1960, aliziheshimu ibada hizi kiasi cha kujifunza ukuhani wenyewe, na mwaka 1968 akatawazwa.

Utajuaje kwamba mzigo umefika? Unauliza. Mtu huchukua sarafu mbili na kuzirusha chini. Moja ikilala kichwa na nyingine mwenge, marehemu amekubali. Zikilala sawa, hajaridhika au bado anakula. Familia inasubiri kidogo, kisha inarusha tena.

Yote haya yanamhusu mfu mwenye watoto. Asiye nao je? Huyo ndiye anayetandikiwa meza barabarani, na mji wa bandari wa Keelung, kaskazini mwa Taiwan, unajua vizuri kwa nini. Mwaka 1851 wahamiaji kutoka Zhangzhou na wale wa Quanzhou, maeneo mawili ya mkoa wa Fujian, walipigana pale na wengi wakauawa. Maiti zilizikwa pamoja. Kuanzia mwaka 1855 watu wakakubaliana kuwafanyia ibada ya pamoja, na zamu ya kuiongoza ikagawanywa kwa majina ya koo badala ya mahali mtu alikotoka, kwa kuwa jina la ukoo mmoja lilikuwa na watu pande zote mbili za ugomvi. Zamu hiyo inaendelea hadi leo. Usiku wa tarehe 14 ya mwezi wa saba kila ukoo hupeleka baharini taa kubwa ya karatasi yenye umbo la nyumba, imeandikwa jina la ukoo na kujazwa pesa ndani. Inawashwa na kusukumwa majini kuwaita waliokufa baharini. Inayokwenda mbali kabla ya kuungua huleta heri kwa ukoo wake.

Moshi, hata hivyo, una gharama yake, na Watao wenyewe wanalijadili jambo hili. Hekalu la Xingtian mjini Taipei halichomi pesa za karatasi, na mwaka 2014 liliondoa hata vyetezo vya ubani. Serikali za miji hupitisha malori kukusanya mabunda ya karatasi majumbani ili yakachomwe kwenye matanuru makubwa yenye vichujio, baada ya ibada kufanywa. Wapo pia wanaonunua mchele badala ya karatasi, wakauombea kwa jina la marehemu, kisha wakawapa maskini.