Bluu na njano hazikupi kijani unachokitaka kila mara

“Mwalimu, mbona kijani changu kimekuwa kama maji ya kuoshea sufuria?” Swali hili nalipata karibu kila Jumamosi, vijana wakiwa wamekaa ufukweni Kibirizi, hapa Kigoma, na karatasi magotini, wanachora michikichi kwa rangi za maji. Tangu shule ya msingi wanajua kwamba bluu ukichanganya na njano unapata kijani. Ni kweli, ila bluu haiko moja.

Ipo altramarini, bluu inayoelemea zambarau. Kwenye tyubu yake tafuta maandishi PB29. Ipo thalo, inayoelemea kijani, nayo ni PB15. Rangi za njano vivyo hivyo: moja ni kali kama limau, nyingine imeiva kama embe. Altramarini na njano ya embe zote zimebeba wekundu ndani yake, na wekundu huo ndio unaofifisha kijani, kikaja cha majani makavu. Chukua thalo na ile ya limau, uone kijani kinavyowaka kama kuti changa la mchikichi baada ya mvua. Sisemi kijani kilichofifia ni kibaya. Agosti, nyasi zikikauka, vilima vyetu vinakihitaji. Kinachoumiza ni kukipata wakati hukukitaka. Ndiyo maana nawasisitiza wasome namba kabla ya jina: jina kila kiwanda hujipangia, namba hutaja unga wa rangi uliomo.

Zambarau, inayotokana na nyekundu na bluu, ina mtego huo huo. Nyekundu ya pilipili ukiitia thalo unapata kahawia. Tumia majenta, nyekundu inayoelemea zambarau, na altramarini.

Wengi pia wanaamini kivuli ni rangi nyeusi. Mtumbwi uliowekewa kivuli cha nyeusi tupu ya tyubu huonekana kama una shimo chini yake. Mchanganyo ninaoupenda kuliko yote ni altramarini na siena ya kahawia, ile ya udongo uliochomwa. Unakupa kijivu chepesi hadi giza linalokaribia weusi, na usukani uko mkononi mwako: bluu ikizidi kivuli kinapoa, kahawia ikizidi kinapata joto. Halafu chembe za altramarini hutua kwenye vishimo vya karatasi, kivuli kikabaki na punje punje kama mchanga wenyewe. Nyeupe ya povu la mawimbi ni karatasi yenyewe isiyopakwa rangi, hapo paache pakavu.

Dhana inayonisumbua zaidi ni kwamba bluu na rangi ya chungwa hazipatani. Kijana mmoja alichora chupa ya mawese, nyuma yake ziwa. Rangi ya chungwa ya mawese ikiwa bado haijakauka akaleta bluu ya maji, zikaingiliana, ukingoni pakatokea mstari wa matope. Akalaumu karatasi. Rangi hizo mbili zinapingana, na zikichanganyika kila moja huzima nyingine. Zikikaa ubavu kwa ubavu, kila moja huichochea mwenzake. Tukachukua karatasi mpya. Chupa kwanza, tukaiacha ikauke kabisa, ikapauka kidogo kama rangi za maji zinavyopauka, akaiongezea tabaka la pili. Ilipokauka tena, akavuta bluu polepole hadi ukingoni mwa chupa, bila kuigusa. Mawese yakawaka.