Bunduki ya wenzo: inavyofanya kazi na wawindaji wanavyoitumia

Bunduki ya wenzo ni raifo inayobeba risasi kadhaa kwa pamoja, na mpigaji huingiza risasi inayofuata kwa kusukuma chuma chenye umbo la pete kilichozunguka kifyatulio. Chuma hicho ndicho wenzo. Aliyewahi kutazama filamu za makauboi ameiona mara nyingi. Huko ilikotoka, Marekani, haijawa kitu cha makumbusho: kila msimu wa uwindaji watu wanaingia nayo msituni.

Baada ya kufyatua, mkono wa kulia hauachi bunduki. Vidole vitatu vilivyo ndani ya pete vinausukuma wenzo chini na mbele. Bolti, kipande cha chuma kinachoziba nyuma ya mtutu, inarudi nyuma, inalivuta ganda tupu kutoka chemba (sehemu ya mtutu inamokaa risasi ya kufyatuliwa) na kulitupa nje, na papo hapo inaivuta nyundo iwe tayari kufyatua. Wenzo ukirudishwa juu, bolti inasukuma risasi mpya chemba na kujifunga. Aliyezoea hufanya hayo bila kuitoa bunduki begani, na kwa mtu wa mkono wa kushoto ni rahisi vilevile, jambo ambalo haliwezi kusemwa kuhusu bunduki nyingi za bolti, zinazopakiwa kwa kuvuta mpini ulio upande wa kulia. Kazi yote inafanywa na mkono, si gesi ya baruti, kwa hiyo haimo katika kundi la nusu-otomatiki, yaani zinazojipakia zenyewe kila baada ya mlio. Tofauti hiyo si ya vitabuni tu. Jimbo la Pennsylvania, ambalo uwindaji ni sehemu ya maisha yake, halikubali raifo ya nusu-otomatiki kwa kulungu, lakini ya wenzo ni ruksa.

Sasa tufike kwenye bomba, maana bila kulielewa huwezi kuelewa kwa nini bunduki hii ina tabia ilizo nazo. Nyingi za aina hii hazina kisanduku cha risasi kinachoning'inia chini. Risasi zimo ndani ya bomba jembamba lililolala chini ya mtutu, moja nyuma ya nyingine kama watu kwenye foleni, zikisukumwa na springi. Kichwa cha risasi ya nyuma kinaegemea kitako cha risasi ya mbele, na katikati ya kitako hicho ndipo penye fataki inayowasha baruti. Kichwa kikiwa na ncha kali, mshtuko wa bunduki unaweza kukifanya kigonge fataki ya jirani yake na kuiwasha ndani ya bomba, huku mkono wa mpigaji ukiwa palepale. Ndiyo maana risasi za bunduki hizi huwa na vichwa butu. Na kichwa butu hukata hewa vibaya: hupoteza mwendo haraka na kuanguka mapema.

Wahandisi walitafuta njia ya kulikwepa tatizo hilo. Bunduki ya kampuni ya Winchester ya mwaka 1895, iliyobuniwa na mbunifu wa silaha John Browning, iliweka risasi kwenye kisanduku badala ya bomba. Ile ya kampuni ya Savage ya 1899 ilizizungusha ndani ya kigurudumu. Karne moja baadaye kampuni ya Hornady ilikuja na jibu jingine, risasi yenye ncha ya plastiki laini inayonyumbuka ikigusa fataki. Ni ufumbuzi wa akili, ingawa mwindaji anayepiga kulungu kwa umbali wa mita 60 hataona tofauti yoyote.

Historia yake ina majina mengi, lakini mawili yanatosha kuanzia. Benjamin Tyler Henry alipata hataza ya bunduki yake mwaka 1860 akiwa mfanyakazi wa Oliver Winchester, mtu aliyetajirikia biashara ya mashati kabla ya kuingiza pesa zake kwenye silaha huko New Haven, Connecticut. Bunduki ya Henry ilibeba risasi 16 kwenye bomba. Wakati huo askari wengi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani walikuwa wakishindilia baruti mdomoni mwa mtutu, kama anavyofanya mwenye gobore, na aliyefunzwa vizuri alipata milio mitatu tu kwa dakika. Kasoro ya Henry ilikuwa mwanya ulioachwa wazi chini ya bomba, ambao uliruhusu uchafu kuingia. Mwaka 1866 ikatoka Winchester yenye kijilango pembeni, ambako risasi husukumwa moja moja kwa kidole gumba. Kijilango hicho kinatumika hadi leo.

Wenzo huo haukuwa wa wazungu peke yao. Mwaka 1876, kwenye mapigano ya mto Little Bighorn, wapiganaji wa makabila ya asili ya Lakota na Cheyenne walikuwa na bunduki kadhaa za Henry na Winchester, na askari wa jeshi la Marekani chini ya kamanda Custer walikuwa na bunduki za Springfield zinazopakiwa risasi moja kwa kila mlio. Si hilo tu lililowaangamiza askari hao, maana walizidiwa idadi pia, lakini maganda yaliyofukuliwa uwanjani miaka ya 1980 yanathibitisha kwamba silaha hizo zilikuwepo na zilitumika.

Inayojulikana kuliko zote ni Winchester ya 1894, kazi nyingine ya Browning. Zaidi ya milioni 7 zimetengenezwa. Mwaka 1895 ilianza kutumia risasi ya .30-30, miongoni mwa za mwanzo za uwindaji Marekani kutumia baruti isiyo na moshi. Mshindani wake mkubwa ni bunduki ya kampuni ya Marlin, ambayo hutupa ganda pembeni badala ya juu. Hilo linaonekana jambo dogo mpaka utake kufunga darubini juu ya bunduki: kwa Winchester za zamani, ganda lingeigonga.

Msituni, risasi ya .30-30 yenye kichwa cha gramu 11 hutoka mtutuni kwa kasi ya mita 670 hivi kwa sekunde. Bunduki iliyorekebishwa ipige sawasawa kwenye yadi 100 (mita 91) itapiga karibu sentimita 20 chini ikifika yadi 200 (mita 183). Kwa hiyo wengi huiona kuwa bunduki ya mita 150 kushuka chini, na kwenye misitu ya mashariki ya Marekani, kutoka Maine hadi milima ya Appalachia, mara nyingi macho yenyewe hayafiki mbali hivyo. Kulungu wa mkia mweupe hutokea ghafla kati ya miti, anasimama kidogo, anaondoka. Hapo kinachotakiwa ni bunduki nyepesi na fupi isiyonasa matawini, inayofika begani haraka. Hii ni bapa na nyembamba, haina kisanduku kinachotokeza, na mtu huishika kwa mkono mmoja katikati yake akatembea siku nzima. Kwangu hiyo ndiyo sababu kubwa ya kudumu kwake, kuliko mapenzi ya filamu.

Mahali pa wazi mambo hugeuka. Mwindaji wa swala wa nyanda za Wyoming, anayepiga mita 300 akiwa amelala kifudifudi, hatatendewa haki na bunduki hii. Akilala hivyo wenzo hugonga ardhi, na risasi butu itakuwa imeshuka sana.

Hata Afrika Mashariki iliifahamu. Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, aliteremka Mombasa Aprili 1909 akiwa na mwanawe Kermit, kwa msafara wa kukusanya wanyama kwa ajili ya jumba la makumbusho la Smithsonian. Miongoni mwa silaha zake ilikuwamo Winchester ya 1895 ya risasi ya .405, ambayo aliisifu sana kwa simba. Kwa tembo alikuwa na bunduki nzito ya Kiingereza ya mitutu miwili. Baba na mwana waliua wanyama 512 katika safari hiyo, hesabu ambayo leo inamfanya msomaji ashtuke. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa kitalii mwaka 1977. Tanzania bado inauruhusu kwa leseni, ila wageni wanaokuja huko kwa kawaida hubeba bunduki za bolti au za mitutu miwili.

Kumiliki ni habari nyingine. Marekani, anayenunua dukani sharti awe na miaka 18 au zaidi, ajaze fomu, na jina lake lipitishwe kwenye mfumo wa ukaguzi ulioanza kazi mwaka 1998. Majimbo huongeza masharti yao. Silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla sheria ya shirikisho inaihesabu kuwa ya kale, kwa hiyo Winchester mbili za 1894 zinazofanana kabisa zinaweza kuwa chini ya masharti tofauti kwa sababu ya tarehe ya kiwandani tu. Kila bunduki ndefu mpya na kila boksi la risasi hutozwa kodi ya asilimia 11, na kwa sheria ya mwaka 1937 fedha hizo huenda kwenye hifadhi ya wanyamapori.

Hatari moja mnunuzi aijue mapema. Katika modeli nyingi za zamani, kutoa risasi zilizomo kwenye bomba kunalazimu kuzipitisha zote chemba, moja moja, kwa kusukuma na kurudisha wenzo. Kidole kiwe mbali na kifyatulio na mtutu uelekee mahali salama muda wote. Nyingi pia hazina kizuizi zaidi ya nyundo kusimamishwa nusu njia, na imewaponyoka wengi walipokuwa wakiishusha polepole kwa kidole gumba chenye baridi au jasho.

Kuhusu bei, tarehe ina uzito tena. Mwaka 1964 Winchester ilibadilisha utengenezaji ili kupunguza gharama, vipande vya chuma vilivyochongwa vikabadilishwa na vilivyopigwa chapa kwa mashine. Wakusanyaji hulipa zaidi kwa zile za kabla ya hapo. Kiwanda cha New Haven kilifungwa mwaka 2006, na Winchester za wenzo zinazouzwa sasa zikiwa mpya hutengenezwa Japani na kampuni ya Miroku, kwa ustadi ambao hata wapenzi wa zile za zamani wanaukubali, japo wengine kwa shingo upande.