Chura anapumua kwa ngozi, acheni kumwagia chumvi

Mvua zikianza tu simu zinaongezeka hapa ofisini, na msimu huu tuko kwenye kampeni ya kutunza vyanzo vya maji ndo zimezidi. Wengi wanataka dawa ya kumaliza vyura wanaopiga kelele usiku. Wengine washamwaga chumvi au dizeli kwenye dimbwi nyuma ya nyumba, ndo wanauliza mbona viluwiluwi wa chura wamekufa wote na bata wa jirani nao wanaumwa. Sasa mlitegemea nini?

Tuanze na pumzi, manake hapo ndipo watu wanachanganya, wanadhani kila anayekaa majini anapumua maji. Sisi binadamu tuna mbavu na kiwambo, ule msuli ulio chini ya mapafu, kikishuka kifua kinapanuka hewa inaingia yenyewe. Chura hana kiwambo, mbavu nazo ni kama hana, kwa hiyo hewa anaisukuma kwa koo. Ukimkuta ametulia karibu na bomba la uani mwangalie chini ya kidevu, ile ngozi inacheza juu chini harakaharaka, hapo anabadilisha hewa ya mdomoni tu, halafu kila baada ya muda anafunga pua na kuisukuma yote kwenye mapafu kama mtu anayemeza tonge. Mdomo lazima uwe umefumbwa. Mtoto akimshika chura akampanua mdomo anamkata pumzi, hata kama pua ziko wazi. Hata hizo kelele mnazolalamikia anazipiga mdomo umefumbwa, hewa ileile inaenda na kurudi kati ya mapafu na kifuko cha kooni.

Ila mapafu peke yake hayamtoshi. Ngozi yake ni nyembamba, mishipa ya damu iko juujuu, oksijeni inapita humo mradi ngozi imelowa, na kabonidioksidi nyingi inatokea hukohuko. Maji pia anayapata kwa ngozi ya tumbo, hanywi kwa mdomo kama yule ng'ombe wa kwenye methali. Kwa hiyo ukimwaga dizeli umemwagia puani, na chumvi inamnyonya maji mwilini akiwa hai.

Samaki ana matamvua, kiluwiluwi naye anaanza nayo halafu yanapotea akikua. Panzi hana mapafu kabisa, ana vitundu ubavuni. Kamongo wa Ziwa Victoria ni samaki lakini asipopanda juu kuvuta hewa anakufa. Hiyo hoja ya kwamba kila anayekaa majini anapumua maji tuiache jamani.

Mfano wa madhara ya kuharibu maji ya chura tunao hapahapa Tanzania. Chura wa Kihansi, kadogo kasikofika hata urefu wa kidole gumba, alikuwa anaishi kwenye manyunyu ya maporomoko kule Udzungwa, hakuna kwingine duniani. Mto ulipochepushwa kwa ajili ya umeme manyunyu yakapungua sana, na baadaye ukaonekana ugonjwa wa fangasi unaoshambulia ngozi ya vyura. Mwaka 2000 karibu vyura 500 walipelekwa Marekani kutunzwa, mwaka 2009 wakatangazwa wametoweka porini, na 2012 wakaanza kurudishwa bondeni, ambako iliwekwa mitambo ya kunyunyiza maji. Watu walicheka eti vyura wamepanda ndege. Sawa, chekeni.

Sasa utaratibu, na hapa naomba msome taratibu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, na mita 60 zinapimwa, hazikadiriwi kwa macho wala kwa "hapa babu alikuwa analima". Kuchafua maji ni kosa, kuna faini, kuna kifungo, na unaweza kupewa vyote viwili. Bomba la kupulizia dawa shambani usilioshee mtoni, oshea shambani mbali na maji, na yale maji ya kuoshea yapulizie kwenye mazao yaleyale uliyokuwa unapiga dawa. Chura wa Kihansi na ndugu zake wako kwenye orodha ya kwanza ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, kwa hiyo kuwasafirisha nje ya nchi bila kibali, hata mmoja, hata kwa "utafiti wa chuo", usijaribu.

Na yule dada aliyeuliza kuhusu chura aliyeingia kwenye tanki la maji ya kunywa: lowesha mikono kwa maji matupu, bila sabuni wala losheni, mtoe, mweke kwenye majani yenye kivuli, kisha nawa. Tanki lioshe, lifunike.