Nyaraka za Kampuni Zikipotea, Historia ya Tasnia Haipotei

Wengi hudhani kwamba kampuni ikifungwa na nyaraka zake kuteketezwa, historia ya tasnia yake huzikwa pamoja nazo. Dhana hiyo si sahihi, kwa sababu hakuna kampuni iliyofanya kazi peke yake: iliomba hataza (hati ya kisheria ya kulinda uvumbuzi), ilikata bima, ilikopa, ilishtakiwa, na kila iliyeshughulika naye alibaki na maandishi yake. Daftari za bima za Sun Fire Office ya London, iliyoanzishwa mwaka 1710, hutaja majengo na thamani ya mali. Nchini Marekani, ramani za bima ya moto za Sanborn, kampuni iliyoanza mwaka 1867, huonyesha hata mahali boila ilipokaa. Majalada ya ufilisi huenda ndiyo yenye utajiri zaidi, kwani huorodhesha wadai, madeni na mitambo iliyopigwa mnada. Hataza huhitaji tahadhari, maana huthibitisha kwamba kifaa kilibuniwa, si kwamba kiliwahi kutengenezwa. Tena nyaraka za kampuni zenyewe, ambazo watafiti huzililia mno, ziliandikwa na wenye mali; hali za wafanyakazi mara nyingi huelezwa waziwazi zaidi katika ripoti za wakaguzi wa viwanda, ambao Uingereza ilianza kuwateua mwaka 1833.