Je, wajua kwa nini Mhindu hubariki daftari la faida?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba kiini cha Uhindu ni kuikimbia dunia. Nilipofikiria Mhindu mcha Mungu nilimwona mzee mwenye ndevu, majivu mwilini, bakuli la kuombea mkononi. Hivyo nilipoambiwa kwamba siku za Diwali wafanyabiashara wa Kigujarati hufungua daftari jipya la hesabu mbele ya Lakshmi, mungu wa kike wa mali, na kuliandika "Shubh Labh", yaani heri na faida, nikasema hapa biashara imejipenyeza hekaluni.

Nilikuwa nimekosea, tena vibaya. Maandiko ya Kihindu yanataja malengo manne ya maisha ya binadamu, purushartha: dharma (wajibu na uadilifu), artha (mali na madaraka), kama (raha na mapenzi, si "kama" yetu ya kulinganishia) na moksha, kufunguliwa kutoka mzunguko wa kufa na kuzaliwa tena. Kwa hiyo mwenye duka hafanyi kitu cha pembeni. Kautilya, katika Arthashastra, kitabu cha kale cha utawala, anathubutu kusema artha ndiyo ya kwanza, kwa kuwa dharma na kama huiegemea. Hata Kamasutra, kitabu cha kale kuhusu kama ambacho wengi tunakijua kwa sifa tu, kina sehemu 7, na mambo ya kitandani yamejaza moja.

Yule mzee wa majivu yupo kweli, ila anafuata lengo la nne, na hilo lilichelewa kuingia. Orodha za zamani zina matatu tu: trivarga.

Fikiria mafiga. Chungu cha mwenye nyumba kimekaa juu ya matatu. Ondoa artha: mgeni utamlisha nini, na sadaka utaitoa wapi? Dharma nayo ina gharama zake. Ondoa kama: watoto hawazaliwi, na mchumaji anachuma pasipo mlaji. Ondoa dharma: chumo linageuka wizi, raha inageuka uzinzi, mchuzi wote uko majivuni. Moksha basi si figa la nne. Ni kuepua chungu.

Mfano wangu una kasoro, maana mafiga huwa ya kimo kimoja. Kamasutra yenyewe inasema yakigongana, kama iipishe artha, na artha iipishe dharma. Isipokuwa kwa mfalme na kahaba, ambao kwao artha hutangulia. Wawili hao katika sentensi moja! Tena haya yaliandikwa na wanaume wasomi, hasa kwa wanaume wa matabaka ya juu. Mkulima hakutuachia kitabu.

Ubishi wenyewe umo ndani ya Mahabharata, utenzi mkuu wa kale wa Kihindi kuhusu vita vya ukoo mmoja wa kifalme. Baada ya vita, ndugu watano walioshinda wanabishana pamoja na Vidura, ami yao. Vidura anasifu dharma, Arjuna anasifu artha, na pacha Nakula na Sahadeva wanataka zote mbili ziende pamoja. Bhima, mlafi aliyepewa jina la "tumbo la mbwa mwitu", anachagua kama: asiyetamani hatafuti mali wala wema, na hata watawa wanaokula mizizi porini wamesukumwa na tamaa ya kitu fulani. Nikamkumbuka mzee wangu wa majivu.

Mkubwa wa ndugu hao, Yudhishthira, akawasikiliza wote, akasifu moksha. Kisha akatawala miaka 36.